Barua ya Wazi kwa Msajili wa Ardhi: Eti Hatutarudi Nyumbani

Kwa Msajili wa Ardhi,
Ofisi ya Ardhi ya Kaunti.

Bwana Msajili,

KUH: FAILI LA SHAMBA LETU NA SAFARI YA LONDON

Sitasema kama ofisi yako iko Kericho au Bomet. Sisi wa mpakani tumezoea kuzungushwa na pande zote mbili, na wanaoshinda kwenye lile benchi la mbao nje ya dirisha lako watajua ni wewe. Nawe unalijua faili ninalolisema. Umeshaandikiwa habari zake kwa kalamu, kwa taipu na kwa barua ya wakili.

Tuelewane mapema. Leo sikuandikii kuomba hatimiliki. Hiyo nimeiomba kwa adabu mpaka adabu yenyewe imekaribia kuniishia. Nakuandikia kukujulisha lililotupata kwa sababu faili hilo halikuonekana: tumenyimwa viza ya kwenda London kutembea, na sababu tuliyoandikiwa ni kwamba hawana hakika tutarudi nyumbani.

Eti hatutarudi. Mimi ninayepokea pensheni, na mke wangu ambaye akilala nje usiku mmoja hupiga simu kabla ya jua kuchomoza kuuliza ng'ombe ametoa lita ngapi.

Walioamua siwalaumu sana. Barua yao ilikuwa fupi na ya heshima. Ilisema kwamba shamba la chai tulilolitaja kuwa letu, ambalo ndilo lingetuvuta kurudi, limeandikwa jina la mtu mwingine. Ni kweli. Mtu huyo mwingine ni baba yangu, naye tulimzika humohumo shambani, kando ya michai aliyoipanda kwa mkono wake. Mahakama ilikwisha kuthibitisha urithi, na cheti chake tulikuletea. Kazi iliyobaki ilikuwa yako peke yako: ufungue rejista, ulitoe jina la marehemu, uandike la mrithi. Karani wako akaingia nyuma kwenye rafu, akakaa, akatoka mikono mitupu na vumbi begani. "Faili halionekani, mzee. Rudi Jumatatu."

Nikarudi Jumatatu. Nikaambiwa nirudi mwisho wa mwezi, nikarudi. Nikaambiwa mwenye ufunguo yuko likizo, nirudi akirudi, naye aliporudi mimi nilikuwa nimeshafika. Kama kuna mtu katika nchi hii anayeweza kutoa ushahidi kwamba mimi hurudi, Bwana Msajili, ni wewe.

Nikueleze sasa ni safari gani, maana karani wako mwingine aliposikia London alimnong'oneza mwenzake kwamba wazee wanakwenda kuosha wazee wenzao. La. Yangekuwa matembezi ya siku chache ya watu wawili waliomaliza kulipa karo. Maisha yangu yote ya kazi nimefundisha jiografia. Nimeuchora mstari wa Greenwich ubaoni hadi chaki ikanikausha vidole, nikiwaambia watoto kwamba pale longitudo ni 0, Kericho ni kama 35 mashariki, na kila digrii 15 ni saa moja. Kila mwaka mwanafunzi mmoja mwerevu aliuliza mbona basi tumewatangulia kwa saa tatu kamili, si mbili na dakika ishirini. (Saa zetu ni za longitudo 45, ambayo hata Kenya haipiti, inapita Somalia.) Nilitaka kusimama juu ya mstari huo kwa viatu vyangu, basi.

Papo hapo Greenwich wameihifadhi Cutty Sark, meli ya matanga iliyojengwa 1869 ili kuwahisha chai kutoka China. Mwaka huohuo Mfereji wa Suez ukafunguliwa, na biashara ikachukuliwa na meli za mvuke. Baada ya hapo ningempeleka mke wangu Mincing Lane, uliokuwa mtaa wa mawakala wa chai. Minada ya London ilianza 1679 na ikafungwa tarehe 29 Juni 1998, kwa hiyo nilijua sitakuta mnada, nitakuta ofisi za watu. Lakini bei ya jasho letu ilikatwa upande ule kwa miaka mingi kabla Mombasa haijashika usukani, na nilitaka kuona umbali uliopo kati ya pale na kituo chetu cha kununulia majani.

Mke wangu minada haimhusu. Yeye alitaka uwanja wa Stratford, ambako David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, tarehe 9 Agosti 2012. Usiku ule mke wangu alikuwa zamu wodini. Anasema mgonjwa aliyekatazwa kabisa kuinuka kitandani aliinuka, na yeye muuguzi hakumkemea, kwa kuwa naye alikuwa amepanda juu ya kiti. Kwa safari hii alinunua koti la sufu la mtumba mjini Kericho, akalipeleka kwa fundi likapunguzwa mikono. Bahati nzuri huku kwetu kuna baridi, hivyo koti halijakaa bure.

Ada ya viza hairudishwi. Tiketi tulirudishiwa sehemu. Bonasi ya chai iliyolipia yote hayo tulikuwa tumeiweka kidogo kidogo, nayo bonasi ya upande huu wa Bonde la Ufa, ukiilinganisha na ya Mlima Kenya, wewe unajua ilivyo. Hizo ni hasara, na mkulima anayepigwa na mvua ya mawe anajua kuishi na hasara. Kuambiwa kwamba hatuna cha kuturudisha nyumbani ni jambo jingine.

Anayedhani mkulima wa chai anaweza kutoroka hajawahi kulea michai. Majani mawili na chipukizi hayamngoji mtu. Yakipita wiki moja au mbili bila kuchumwa yanakomaa, karani wa kituo anayapindua kwenye mizani, anayatoa, na unarudi nayo mgongoni huku majirani wakitazama. Ukiacha kupogoa, baada ya miaka michache una msitu badala ya shamba. Mzee wetu aliipanda michai hii wakati shirika la chai la KTDA likiwa changa, miaka ya sitini, yeye aliyekulia katika enzi ambayo Mwafrika alikatazwa kuilima chai isipokuwa kama kibarua wa mzungu. Unadhani mtu anaacha kitu kama hicho ili akajifiche London? Lakini anayeamua viza hawezi kuja kutazama michai. Anasoma karatasi, na karatasi zinamwambia kwamba mimi ni mzee fulani anayeishi katika shamba la maiti.

Sasa kuna kipande cha safari ambacho mke wangu hakukifurahia, kwa kuwa alisema likizo si ya kusoma mafaili. Nilikuwa nimepanga kwenda Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Waingereza. Huko kuna barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya, zimepangwa chini ya alama CO 533. Nilitaka kusoma habari za ule mpango wa baada ya Vita vya Kwanza, ambapo ardhi ya Kericho ilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, wakalima kitani, kikawashinda, kisha Brooke Bond na James Finlay wakaingia katikati ya miaka ya ishirini na kupanda chai. Ukishajiandikisha, unaketi mezani na unaletewa faili, bila kulipa.

Hebu pima mwenyewe. Karatasi zinazoeleza jinsi ardhi ya babu zetu ilivyochukuliwa, miaka mia moja iliyopita, zimetunzwa ng'ambo ya bahari na zina namba. Karatasi zinazosema ekari chache alizobaki nazo baba yangu ni zetu, ziko mwendo wa matatu moja kutoka nyumbani, na hazionekani.

Usiniambie kwamba hata Waingereza hupoteza mafaili. Ni kweli, walidai hivyo kwa muda mrefu. Kisha wazee wa Mau Mau wakawapeleka mahakamani, na mwaka 2011 ikabidi wakiri kwamba mafaili zaidi ya 8,000 kutoka makoloni 37, yetu yakiwemo, yalikuwa yamefungiwa huko kwao Hanslope Park miaka yote hiyo. Nilichojifunza ni kwamba faili lisiloonekana huwa liko mahali, na huwa kuna mtu anayejua ni wapi.

Hapo nje ya ofisi yako kuna kijana asiye mfanyakazi wako lakini ana kiti chake ndani. Alinifuata hadi stejini akanieleza, kwa sauti ya chini na bei ya juu, kwamba faili hilo linaweza kutembea. Nikamuuliza, faili ambalo halipo lina miguu? Akacheka, akaniandikia namba yake ya simu nyuma ya risiti yenu. Risiti hiyo ninayo.

Na sisi si wa kwanza kushukiwa habari za kurudi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai katika nchi ya Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria, ili wasionekane tena huku. Waliosalimika walirudi. Watu wa huku hurudi hata pale serikali nzima imekaa na kupitisha sheria kwamba wasirudi. Halafu mimi na mama watoto, wenye tiketi ya kwenda na kurudi, ndio wa kutiliwa shaka!

Shaka hiyo, Bwana Msajili, haiishii kwenye barua moja. Fomu ya viza ya nchi kubwa karibu yoyote ina swali: umewahi kunyimwa viza? Tangu sasa hadi tuingie kaburini jibu letu ni ndiyo. Binti akiolewa ng'ambo, ndiyo. Mjukuu akizaliwa huko tuitwe kumlea, ndiyo, na kila mara tueleze kwa nini, na maelezo yenyewe yawe ni kwamba karani alitazama rafu akaona vumbi.

Wala si sisi peke yetu. Kwenye benchi lako nimeketi na mjane anayesubiri jina lake litoke kwenye mgogoro alioukuta, na pia na baba aliyetaka kuweka shamba dhamana ili mwanawe akasomee uuguzi, muhula ukaanza na kwisha. Mwaka 2021 tulionyeshwa kwenye televisheni Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ikizinduliwa Nairobi, tukaambiwa habari za mafaili ya vumbi zimekwisha. Huku bado tunasubiri, vumbi likiwa palepale. Tangu Januari 2024 Mwingereza anayetaka kuja kupiga picha michai yetu hahitaji viza. Anajaza fomu kwenye simu, analipa, anajibiwa. Sina ugomvi naye, aje, na chai atakunywa kwangu. Ugomvi wangu ni na serikali inayomwamini mgeni kwa fomu ya simu na kushindwa kumwandikia mwenyeji mstari mmoja kwamba ana kwao. Mnataka cheti cha kuzaliwa ili mtoe kitambulisho, kitambulisho ili mtoe cheti cha kifo, cheti cha kifo ili mtoe shamba, na mahali fulani katika mzunguko huo pana rafu kama yako. Tunaishi kwa kujithibitisha kwenu. Ninyi mnathibitisha nini?

Sheria unaijua kuliko mimi, lakini kwa kuwa nimepata muda mwingi wa kusoma nikiwa kwenye benchi, niruhusu nikukumbushe. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinakupa mamlaka ya kuunda upya rejista iliyopotea au kuharibika, baada ya kufanya uchunguzi na kutoa notisi ya siku 60 kwenye Gazeti Rasmi. Laiti ungeitoa notisi hiyo nilipokuomba mara ya kwanza, leo mke wangu angekuwa na picha ya Stratford. Itoe sasa. Na kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 nakuomba, na zile siku 21 zianze kuhesabiwa leo, unijulishe kwa maandishi ni nani aliyetia sahihi mara ya mwisho kulichukua faili letu, na tarehe gani. Kama hakuna aliyetia sahihi, niambie pia.

Jambo la mwisho ni dogo, na ndilo nitakalolijia mwenyewe Jumatatu. Nahitaji barua yako inayosema kwamba kuchelewa kwa hatimiliki yetu kumetokana na ofisi yako, wala si sisi, ili tukiomba viza tena tuiambatanishe. Iwe kwa Kiingereza, maana watakaoisoma hawajui Kiswahili. Kama mpiga taipu yuko likizo, nitaiandika mwenyewe nije nayo, wewe utie sahihi na kugonga muhuri. Muhuri najua haujapotea. Tukiwa kwenye benchi tunausikia ukigongwa kwenye karatasi za watu wanaoingilia mlango wa nyuma.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu, mkulima wa chai, na mrithi kwa mujibu wa mahakama peke yake.

Nakala: Tume ya Haki ya Utawala, Nairobi.