Ganzi ikiisha usiku wa manane, mgonjwa amlilie nani?

JIRANI yangu mmoja, fundi wa useremala, alianguka kutoka kwenye bodaboda akavunjika mfupa wa kigasha. Alipelekwa hospitali moja jijini Nairobi kutiwa vyuma. Hakupewa nusu kaputi. Mwendo wa saa nane mchana alidungwa sindano juu ya mtulinga, mkono wote ukafa ganzi, akapasuliwa akiwa macho.

Jioni alirejea nyumbani akicheka, akiwaambia wanawe kwamba hakuhisi lolote. Saa saba usiku ganzi iliisha. Hakuwa na tembe hata moja, na maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa. Ploti nzima tuliamshwa na kilio cha mtu mzima.

Kosa halikuwa la ganzi. Njia hii ni nzuri mno. Neva za mkono hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni, zikapita chini ya mtulinga hadi kwapani. Mwaka wa 1911 daktari Mjerumani, Kulenkampff, alieleza jinsi ya kuzifikia kwa sindano kutoka juu ya mtulinga, baada ya kujijaribia mwenyewe. Mgonjwa huendelea kupumua bila mashine na aghalabu hurudi kwake siku hiyo hiyo.

Ila ganzi ina saa zake. Lignokaini humalizika baada ya saa chache. Bupivakaini hudumu zaidi, mara nyingi kiasi cha saa kumi hivi, wengine pungufu, wengine zaidi. Ndiyo sababu madaktari wametafuta kwa muda mrefu dawa za kuikoleza. Mwaka wa 1903 Mjerumani mwingine, Braun, alieleza faida ya kuongeza adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu ili ganzi isichukuliwe upesi. Baadaye ikaja klonidini, dawa ya shinikizo la damu, kisha nduguye deksmedetomidini. Hizi mbili huongeza saa kadhaa, lakini zaweza kuteremsha shinikizo la damu, kupunguza mapigo ya moyo na kumtia mgonjwa usingizi.

Ninayoipigia debe mimi ni deksamethasoni. Ni ile ile iliyovuma mwaka wa 2020 ilipodhihirika kuwa inaokoa baadhi ya wagonjwa mahututi wa Covid-19. Bei yake ni nafuu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka wa 2017 yalionyesha kuwa huongeza ganzi kwa takriban saa sita. Tena, ikipitishwa kwenye mshipa wa damu badala ya kuchanganywa na ganzi, faida yake hukaribia iyo hiyo. Watengenezaji hawakuikusudia kudungwa karibu na neva, na hapo ndipo wataalamu wanapovutana. Kwa maoni yangu, maadamu mshipa wa damu unakaribia kutosha, daktari na aanzie huko. Mwenye kisukari naye apimwe sukari, kwa kuwa dawa hii huipandisha.

Lakini tusidanganyane. Hebu fanya hesabu. Lau jirani yangu angeongezewa saa sita, ganzi ingeisha saa moja asubuhi, matatu zikiwa barabarani na maduka ya dawa yakifunguliwa. Mwenzake aliyedungwa saa tatu asubuhi, ambaye ganzi yake ingeisha saa mbili usiku, nyongeza hiyo hiyo ingemwamsha saa nane usiku! Kurefusha ganzi bila kuhesabu saa ni kuhamisha kilio, si kukiondoa.

Wapo wasemao kwamba ganzi ndefu ni hatari, na wana haki. Mkono usiohisi waweza kuungua kwenye jiko mwenyewe asijue. Kigasha kilichovunjika chaweza kuvimba ndani ya plasta hadi damu isipite vizuri, na maumivu ambayo yangemwonya mgonjwa yakafichwa na ganzi. Kwa mvunjiko wa aina hiyo, daktari ana sababu ya kutorefusha ganzi, au ya kumlaza mgonjwa amwangalie.

Ninachoomba kwa hospitali zetu, za kaunti na za kibinafsi, si mashine za mamilioni. Mgonjwa aambiwe kwa lugha anayoielewa ganzi yake itaisha saa ngapi. Atoke akiwa na tembe mkononi, na aelezwe kwamba huanzwa kumezwa kabla ganzi haijaisha, si baada ya kuanza kulia. Apewe kitambaa cha kuutundika mkono na nambari ya simu itakayojibiwa usiku.

Nawe msomaji, ukipangiwa upasuaji wa mkono, usione haya kuuliza: nitadungwa nini, itadumu hadi saa ngapi, na nifanye nini ikiisha? Na ukiona vidole vimekuwa baridi au vimebadilika rangi, au maumivu yakizidi nguvu za tembe, usingoje kupambazuke. Rudi hospitali usiku huo huo.

Jirani yangu sasa anashika randa tena. Mkono umepona, lakini anasema heri avunjike tena kuliko kurudia usiku ule. Mgonjwa aliyepasuliwa vizuri hakustahili kuondoka na kumbukumbu kama hiyo.