Mbachao na Msala Upitao: Kaunti na Wauzaji wa Mifumo ya Kompyuta

Tangu serikali za kaunti zianze kazi nchini Kenya mwaka 2013, ofisi zake zimekuwa na mgeni asiyekoma kubisha hodi: muuzaji wa mifumo ya kompyuta. Huja na kipakatalishi, huonyesha michoro ya rangi, huahidi kuwa enzi ya madaftari imekwisha, kisha huweka mkataba mezani. Suala linalostahili mjadala si iwapo kompyuta ina manufaa. Hilo halina ubishi. Suala ni namna ya kuamua zana ipi ipokewe na ipi irudishwe mlangoni. Makala haya yanashikilia kuwa swali la kwanza lisiwe "mfumo huu utatufanyia nini?" bali "siku tutakapoachana nao, tutaondoka na nini?"

Uzito wa swali hili huonekana wazi Migori na Homa Bay. Kaunti hizi mbili ni miongoni mwa zile zilizoathiriwa zaidi na virusi vya UKIMWI nchini. Mvuvi anayechukulia dawa zake Mbita aweza kufuata samaki hadi Muhuru msimu ukibadilika. Muuguzi atakayempokea huko anahitaji kujua ni dawa zipi anazotumia na lini alipimwa mara ya mwisho. Daftari lililobaki Mbita halimsaidii. Basi kumbukumbu za mgonjwa si mali ya kuchezewa. Ni sehemu ya tiba yenyewe. Anayezishika ameshika uhai wa mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu kuwa data nyeti.

Kenya haikosi uzoefu katika jambo hili. Mwaka 2011 ilieneza kote nchini mfumo wa DHIS2 wa kukusanya takwimu za afya, ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Mfumo wa OpenMRS, ulioanza mwaka 2004, ulipata watumiaji wake wa mwanzo magharibi mwa Kenya, na juu ya msingi wake ukajengwa KenyaEMR unaotumika katika kliniki za VVU. Yote hii ni mifumo huria: msimbo wake uko wazi, na fundi yeyote mwenye ujuzi anaweza kuufungua, kuurekebisha na kuuendeleza bila kumpigia mtu magoti.

Linganisha hali hiyo na mfumo wa kidijitali unaotumiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali iliyojadiliwa Machi 2025 ilieleza kuwa mfumo huo, wenye gharama ya takriban shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Ikiwa taifa zima linaweza kujikuta mpangaji katika nyumba inayoilipia, kaunti moja yenye mwanasheria mmoja au wawili itapona kwa lipi?

Wapo watakaopinga kuwa programu huria nazo zina gharama. Wanasema kweli. Kisichouzwa hakimaanishi kisichogharimu: seva hununuliwa, mafundi hulipwa, wauguzi hufunzwa. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi wa kliniki za VVU nchini walitumwa nyumbani. Msimbo ulibaki wazi kama ulivyokuwa, ila msimbo haujiendeshi. Funzo ni kwamba uwazi wa programu pasipo fundi wa kwako ni sawa na kupewa mashua usiyojua kuipiga kasia. Fedha anazodai muuzaji kila mwaka zingeweza kuwaajiri vijana wanaohitimu Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, ambao hawahitaji viza kufika Suna wala Ndhiwa mtambo ukikwama.

Lipo pia suala la lugha, ambalo wanunuzi aghalabu hulisahau. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Uliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Wataalamu wa istilahi walikaa na wanakompyuta wakafanya kazi. Zana iliyofungwa huzungumza lugha anayotaka mwenyewe. Mhudumu wa afya ya jamii anayezungumza Kiswahili, Kijaluo au Kikuria na mgonjwa hana budi kumngoja muuzaji aone faida kwanza.

Hivyo, kabla ya sahihi, kaunti idai mambo manne kwa maandishi: data iwe mali ya umma na itolewe yote katika muundo unaosomeka na mifumo mingine, gharama za kuvunja mkataba zijulikane mapema, mafundi wa kaunti wafunzwe hadi waweze kuuendesha mfumo peke yao, na lugha za watumiaji ziruhusiwe kuingizwa. Muuzaji mwema hatayakataa. Anayeyakataa amekwisha kujieleza.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakumkataza mtu kubadili mkeka. Walimtaka kwanza ahakikishe kuwa ule mpya utabaki wake.