Rahisi Si Lazima Iwe Ghali

Kuna msemo unaonichosha masikio hapa Uyole: rahisi ghali. Hutamkwa na kila mwenye mshahara anapomwona fundi seremala ameshika randa ya umeme ya bei nafuu. Mimi nauita msemo wa walioshiba. Randa ya Makita ni nzuri, hilo silibishi. Lakini anayemwambia kijana wa banda la mabati anunue hiyo au akae bure, amemwambia akae bure.

Wenye msemo huu huchanganya mambo mawili. Kitu bandia ni kile kinachovaa jina la mwingine; huo ni wizi, na dawa yake ni sheria. Kitu cha bei nafuu kimekuja kwa jina lake chenyewe, kama hizo Ingco na Total zilizojaa madukani. Hicho hakihukumiwi kwa jina wala kwa rangi ya boksi. Hukaguliwa. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tulifundishwa kukagua jembe na patasi kabla ya kumpa mwanafunzi. Sioni kwa nini kifaa chenye waya kisamehewe.

Hebu, ndugu msomaji, nenda dukani na rula ya chuma. Randa ya umeme ina vitako viwili, cha mbele na cha nyuma. Rudisha kipimo cha kina kwenye sifuri, laza rula juu ya vyote viwili, utazame mwanga unapopenya. Kitako kikiwa kimepinda, irudishe hata kama umepewa bure, maana haitanyoosha mbao kamwe. Kabla haijachomekwa kwenye umeme, shika roli ya visu uitikise: ikicheza, beringi hazifai. Uliza kama kaboni za mota hubadilishwa kwa bisibisi kutoka nje, au mpaka mashine nzima ifumuliwe. Uliza visu: vya milimita 82 vimezoeleka, vya kipimo cha ajabu utavitafuta mpaka uzeeke. Na wati zisikutishe. Hizo ni umeme unaoingia, si nguvu inayofika kwenye kisu. Mota yenye nguvu huhitaji chuma na shaba, vitu vizito. Mashine inayojigamba kwa wati nyingi huku nyepesi kama kibuyu ni mwongo.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikopa fedha za kikundi akanunua msumeno wa umeme wa bei nafuu. Mwezi wa pili mota ikaungua. Msumeno umekwisha, marejesho ya kila wiki yapo palepale. Watu wakaimba wimbo wao wa rahisi ghali. Mimi nikaomba kuona alichokuwa akipasua: mbao za msindano kutoka Mufindi, bado zinatoa maji. Mbao mbichi huubana msumeno. Umeme aliuvuta kutoka nyumba ya tatu kwa waya mwembamba kama wa redio. Volti zikipungua, mota hulemewa na kwenda polepole; feni yake, iliyo kwenye ekseli ileile, nayo hupunguza mwendo, joto likabaki ndani. Hata mashine ya bei ya ng'ombe wawili ingeungua.

Muuzaji naye simwachii. Nyingi ya mashine hizi zinamfaa mtu anayetundika rafu Jumamosi moja kwa mwezi, si kwa fundi anayeanza alfajiri. Aliyemuuzia kijana alikuwa na kijitabu cha maelezo mkononi, kwa Kichina na Kiingereza, akakitupa pamoja na boksi. Tunayo TBS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Nataka ilazimishe jambo moja dogo: kila mashine ya useremala iandikwe ubavuni, kwa Kiswahili, ifanye kazi dakika ngapi na ipumzike ngapi.