Soka ya shule: Ng'ambo ya Mombasa ina vijana tele, mbona tiketi ya fainali za kitaifa ni adimu?

MUHULA wa pili wa masomo ndio msimu wa kandanda katika shule za upili za Kenya, na kila unapowadia, mashabiki wa ng'ambo ya Mombasa hurudia swali lile lile. Kuanzia uwanja wa Caltex kule Likoni, Bomu upande wa Changamwe, hadi Mbuzi pale Kongowea, vijana husakata kabumbu tangu alasiri hadi kiza kinapowafukuza. Vipaji havitafutwi kwa tochi. Lakini orodha ya timu zinazowakilisha Pwani katika fainali za kitaifa inapotangazwa, ni nadra kuona jina la shule ya kutwa kutoka Likoni, Kisauni au Changamwe. Majina ambayo wapenzi wa soka ya shule wameyazoea ni Serani, iliyoko kisiwani, na Shimba Hills ya Kaunti ya Kwale.

Baadhi ya mashabiki hulaumu makocha, wengine waamuzi. Kuna wanaodai kwamba vijana wa Pwani hawana pumzi ya kucheza mechi mfululizo, dai ambalo mwandishi huyu amelisikia mara nyingi mno bila kupewa ushahidi wowote. Kwa maoni yetu, chanzo cha tatizo kiko kwanza katika hesabu, kisha katika aina ya shule zilizojengwa ng'ambo, na sasa katika mabadiliko ya mfumo wa elimu ambayo wakuu wengi wa shule wanayatazama kwa jicho la masomo pekee.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Mombasa ina watu 1,208,333. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171. Waliosalia wote, zaidi ya milioni moja, wanaishi ng'ambo: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Kwa lugha nyepesi, karibu watu tisa kati ya kila kumi wa Mombasa si wakazi wa kisiwani.

Hata hivyo, ngazi ya mashindano haihesabu vichwa. Shule huanza katika kanda, hupanda hadi kaunti ndogo, halafu kaunti, kisha Pwani nzima, na hatimaye taifa. Maeneo ya kitaifa ni manane, na Pwani ni mojawapo. Kisauni yenye watu karibu laki tatu hutoa bingwa wa kaunti ndogo sawa na Changamwe ambayo haifikii nusu yake. Tena tazama nje ya Mombasa: Kaunti ya Lamu, iliyokuwa na watu 143,920 katika sensa hiyo hiyo, huingia mashindano ya Pwani ikiwa na bingwa wake wa kaunti. Kisauni peke yake ina watu zaidi ya mara mbili ya Lamu, lakini bingwa wake anapaswa kwanza kuwapiku mabingwa wa kaunti ndogo nyingine za Mombasa ndipo akutane na Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu.

Hatusemi kwamba Lamu inyimwe nafasi yake. Safari ya wanafunzi kutoka visiwa vile hadi ulingo wa Pwani ni jihadi kamili. Tunachosema ni kuwa kijana wa Mtopanga hupita katika tundu jembamba zaidi kuliko wenzake wengi, na anayepimwa kwa idadi ya mara alizofika fainali hupimwa kwa mizani isiyo sawa.

Ng'ambo ilipata afueni kidogo kabla ya uchaguzi wa 2013, wakati Nyali ilipokatwa kutoka Kisauni na Jomvu kutoka Changamwe. Sehemu zilizokuwa tatu zikawa tano. Lakini kilichoongezeka ni nafasi za kufika ngazi ya kaunti tu. Mlango wa Pwani haukupanuka, na ule wa taifa haujaguswa.

Jambo la pili ni jinsi vipute hivi vinavyochezwa. Mashindano ya shule si ligi ya wikendi. Timu hukusanywa mahali pamoja, hulala huko, na hucheza mechi za makundi kwa siku zinazofuatana kabla ya nusu fainali na fainali. Katika mpangilio kama huo, wachezaji kumi na mmoja wazuri hawatoshi. Anayeibuka mshindi ni yule mwenye benchi la kuaminika, chakula cha uhakika, mtu wa kukanda misuli na basi linaloondoka kwa wakati. Shule ya kutwa iliyozoea kufanya mazoezi mara mbili kwa juma, baada ya kipindi cha mwisho na kabla wachezaji hawajakimbilia matatu, huweza kumlaza yeyote siku ya kwanza. Siku ya tatu miguu husema ukweli.

Hapa ndipo tofauti baina ya pande za ng'ambo inapojitokeza. Kisauni ina Shimo la Tewa, shule ya bweni yenye jina kubwa na inayopokea wanafunzi kutoka kaunti nyingi. Kwa vigezo vya kimashindano, hiyo ndiyo shule ya ng'ambo iliyo karibu zaidi na mahitaji ya fainali za kitaifa: wanafunzi wanalala pale pale, kocha anaweza kuwaamsha alfajiri, na uga hauko mbali na bweni. Lakini Shimo la Tewa ikishinda, je, Kisauni imeshinda? Mvulana wa Bamburi au Mtopanga ambaye alama zake hazikumfikisha huko hutazama mechi akiwa nje ya ua. Shule za kutwa zinazomzunguka hushindana naye kwa wachezaji wale wale wachache ambao karo yao ya bweni ingeweza kulipwa na mfadhili.

Changamwe na Jomvu zina sura tofauti. Huu ni upande wa viwanda, reli, uwanja wa ndege na makasha ya bandari, na kwa miaka mingi michezo yake iliegemea waajiri. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013, watu walizungumzia ajira na ushuru. Wachache walijiuliza ni nini huwapata vijana wa mtaa pale mwajiri mkubwa anapofunga milango. Hata hivyo, upande huu una faida moja ambayo Likoni na Kisauni hazina: shule zake, zikiwemo Changamwe, Miritini na Kajembe, ziko katika eneo ambalo timu inaweza kulizunguka kwa nauli ndogo. Mechi za kirafiki ni rahisi kupangwa. Kocha anayetaka kuwajaribu vijana wake dhidi ya wapinzani watatu kwa wiki mbili hahitaji kuomba kibali cha basi. Katika soka ya wanafunzi, wingi wa mechi za kujipima nguvu ni mtaji.

Likoni ndiyo iliyoteseka zaidi na jiografia. Kwa miongo mingi, timu ya Mrima au Likoni Sekondari iliyoalikwa kucheza Changamwe ilipaswa kuvuka kivuko cha feri, kupita kisiwani, kisha kutokea upande wa pili. Feri ikikwama, mechi imepotea, au wachezaji wanafika wakiwa wamechoka kabla filimbi haijalia. Kukamilika kwa barabara ya Dongo Kundu mwaka 2024, inayounganisha Miritini na upande wa Likoni bila kugusa kivuko, ni habari kubwa ya michezo ingawa haikuandikwa hivyo. Kwa mara ya kwanza, shule za kusini na za magharibi mwa Mombasa zinaweza kutembeleana kwa barabara. Kikwazo ni kwamba barabara hiyo hiyo, pamoja na ile ya kuelekea Ukunda, humrahisishia pia mwenye shule ya bweni ya Kwale kuja kuchagua wachezaji.

Na hilo la kuchagua wachezaji ndilo kiini cha mambo. Vigogo wa soka ya shule nchini, kama Kakamega High wanaojulikana kwa jina la Green Commandos au St Anthony's ya Kitale, hawakusubiri bahati. Walijenga desturi: kocha anayekaa miaka mingi, wazee wa shule wanaochangia, na mwaliko kwa kijana mwenye kipaji popote alipo. Kijana aliyezaliwa Likoni anaweza kushinda kombe la taifa akiwa na jezi ya shule iliyo kilomita mamia kutoka Likoni, na mzazi wake asione dhambi, kwa sababu karo imelipwa.

Wamarekani, ambao timu za vyuo vikuu vyao katika mchezo wanaouita futiboli hujaza viwanja kuliko klabu nyingi za dunia, wameifikisha biashara hii kileleni. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe viliruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Wakati huo huo, waandalizi walipanua mchujo wa kuwania ubingwa kutoka timu nne hadi 12 kuanzia msimu wa 2024. Chuo cha Indiana, ambacho jina lake lilihusishwa na vipigo kwa miongo mingi, kilitwaa taji Januari 2026, miaka miwili tu baada ya kumwajiri kocha mpya aliyehamia na baadhi ya wachezaji wake wa zamani. Fedha zile hazina mfano wake hapa kwetu. Ila kanuni ni ile ile: anayeweza kukusanya wachezaji hupanda haraka, na mlango ukipanuliwa, walio nje hupata sababu ya kujaribu. Kenya imeliachia soko la wachezaji wa shule likue, ilhali mlango wa mchujo umebaki ulivyokuwa.

Sasa limeongezeka jambo jipya, nalo ni zito. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na waliofaulu ndio walioingia Kidato cha Kwanza cha mwisho mwaka 2024. Mwaka 2025 hakuna mwanafunzi mpya aliyejiunga na shule za upili. Januari 2026 wakaja wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10. Maana yake kwa kocha ni kwamba alikaa misimu miwili akitegemea wachezaji wale wale, na sasa anapokea kijana wa takriban miaka 15 atakayekaa naye miaka mitatu badala ya minne. Ule mwaka wa kwanza ambao kijana alikuwa akibeba mipira, akikaa benchi na kujifunza kwa kutazama, umehamishiwa sekondari msingi, ambako madarasa yamo ndani ya ua wa shule za msingi.

Kwa shule ya bweni inayoalika wachezaji walioiva, hasara ni ndogo. Kwa shule ya kutwa ya Mtongwe au Chaani inayomlea mchezaji kutoka mwanzo, robo nzima ya muda wa malezi imeondoka. Tena Gredi ya 10 imekuja na mikondo mitatu ya masomo, mmoja ukiwa wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 mwenye kipaji anapoijaza orodha ya shule anazozitaka, ataitazama ile yenye mkondo huo, yenye uga na kocha. Shule ya ng'ambo isiyokuwa navyo haitampoteza tena kijana huyo baada ya kumwona akicheza. Itampoteza kabla hajakanyaga lango lake.

Tukiulizwa utabiri, huu hapa. Vidato vya Tatu na Nne vya 2026 ndivyo vilivyolelewa kwa mfumo wa zamani, na shule za kutwa za Changamwe na Jomvu zilizo na vijana wa madarasa hayo zina fursa ambayo huenda isirudi upesi. Mwaka 2027 kitabaki Kidato cha Nne pekee, na 2028 vikosi vyote vitakuwa vya Gredi ya 10 hadi 12. Katika kipindi hicho tunaipa Shimo la Tewa nafasi bora miongoni mwa shule za ng'ambo, ingawa Serani haitaachia kaunti kirahisi. Likoni tunaiweka nyuma kwa sasa, lakini ndiyo ya kutazamwa zaidi, mradi makocha wake wawili watatu wakubaliane kutumia ile barabara mpya kila wiki na waingie katika shule za msingi za jirani kuwafundisha vijana wa Gredi ya 7 bila kusubiri waraka kutoka Nairobi.

Mombasa imewahi kuonyesha inachoweza. Feisal ilitwaa ligi ya taifa mwaka 1965, na Bandari ikanyakua kombe la Shield mara mbili, 2015 na 2019. Lakini Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji wa CHAN pamoja na Uganda na Tanzania, mechi zote zilizochezewa humu nchini zilikuwa Nairobi. AFCON ya 2027 inakuja kwa majirani hao hao watatu. Kijana aliyeingia Gredi ya 10 Kisauni Januari 2026 atakuwa Gredi ya 11 wakati huo, na mwaka utakaofuata ndio utakuwa wa mwisho kwake kuvaa jezi ya shule.