Saa Moja ya Katuni, Siku Nzima Mbele ya Kamera

Mama mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, aliingia laivu usiku wa Jumapili kuelezea sheria za simu nyumbani kwake. Mwanae wa miaka minne anapata saa moja ya katuni kwa siku, basi. Mezani hakuna simu. Kishikwambi kinalala chumbani kwa mama na nywila anaijua mama peke yake. Komenti zikamiminika: mama bora, mama wa mfano, wengine wajifunze. Hakuna aliyejali kwamba ndani ya laivu hiyo hiyo mtoto aliitwa mara tatu aje kusalimia "mashangazi zake wa mtandaoni", akaambiwa acheze kidogo, kisha akaambiwa arudie kwa sababu mtandao ulikata. Ilikuwa inakaribia saa nne usiku.

Sheria yenyewe haina tatizo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Aprili 2019: mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo safi zaidi. Wanaoisambaza hiyo saa moja kwa skrinshoti huwa wanakata yaliyobaki. Mwongozo ule ule unasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, na saa tatu za kukimbiakimbia na kucheza kila siku. Maana yake skrini inabanwa ili mtoto alale na acheze. Sasa mtoto aliyeamshwa usiku asalimie wafuasi wa mama yake, hiyo saa moja ya katuni imemsaidia nini?

Kabla ya kumsema mama huyo peke yake, tuingie kwanza kwenye nyumba za kawaida za kitaa, maana huko nako kuna vituko. Miaka yote mdhibiti mkuu wa skrini kwa nyumba nyingi za Dar amekuwa bando. Bando likiisha, katuni imeisha, na mtoto hana wa kumlaumu. LUKU ikikata, hata baba mwenye nyumba anaenda kukaa kibarazani. Nyumba ikishapata waifai ya mwezi mzima, ndipo mzazi anagundua kwamba hajawahi kumwambia mwanae "imetosha" na akaeleweka. Hapo ndipo zinapoanza sheria za kubandika kwenye friji.

Na sheria hizo hasimamii aliyeziandika. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, anarudi giza limeingia. Anayebaki na sheria ni dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa mwenye maharage jikoni, nguo kwenye beseni na mtoto ambaye bila katuni mdomo wa uji haufunguki. Dada anampa simu yake mwenyewe, tena kwa bando lake mwenyewe, ili akorogee ugali kwa amani. Jioni mama akiuliza, jibu ni moja: "Ameangalia kidogo tu." Mtoto wa miaka mitatu anaijua michoro ya kufungulia simu ya dada kuliko anavyojua jina la ukoo wake. Dada halaumiwi hapa. Ukimpangia mtu kazi za watu wawili, simu inakuwa mfanyakazi wa pili.

Baba naye yupo kwenye kochi. Anasema "weka simu chini ule" huku macho yake yako kwenye mkeka wa mechi tano, na moja bado inamsumbua. Watoto hawasikii vizuri, ila wanaona vizuri sana.

Hayo ya kitaa lakini yanarekebishika. Ugomvi wa saa ngapi za katuni ni wa ndani, mtoto akikua unaisha, na anayebaki na kumbukumbu ni familia peke yake. Kwa mastaa kuna saa nyingine ambayo hakuna anayeipima: saa ambazo mtoto mwenyewe ndiye katuni ya watu wengine.

Mtiririko unajulikana. Akaunti inafunguliwa mtoto akiwa tumboni. Akizaliwa, sura inafichwa kwa emoji mpaka arobaini, na watu wanahesabu siku kama wanasubiri albamu. Siku ya kufunua sura kuna wadhamini. Baada ya hapo ni pampasi, maziwa, mabegi ya shule, na juu ya akaunti kumeandikwa "inasimamiwa na mama", kwa sababu Instagram na TikTok zinataka mwenye akaunti awe na angalau miaka 13. Yaani mtandao unasema mtoto huyu hajafikia umri wa kuwa humu, mama anakubali kabisa na anasema hilo hilo kwenye laivu, halafu mtoto yumo kila siku.

Kuna klipu moja ya aina hii iliyozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Saa ya katuni imeisha, kishikwambi kinachukuliwa, mtoto anaangua kilio cha kugaragara sakafuni. Mzazi hakumbembeleza kwanza. Alirekodi kwanza. Katikati ya kilio mtoto anasema "usinirekodi", na komenti iliyopata laiki nyingi ikawa "kanajua kamera haka, staa mtupu". Hapo mtoto alitoa kauli iliyo wazi kuliko kauli yoyote ya watu wazima waliokuwa kwenye ile posti, na ikageuzwa kichekesho. Miaka kumi ijayo atakuwa kidato cha pili, na darasani hakosekani mjanja wa kuitafuta klipu ile.

Wanaotetea wana hoja, tena ya pesa. Ada ya shule ya kiingereza haijilipi, na kama tangazo moja la pampasi linalipa muhula mzima, mtoto si ananufaika? Ananufaika, sawa. Ila Ufaransa waliisikia hoja hiyo hiyo na Oktoba 2020 wakatunga sheria: pesa anayoingiza mtoto kwa video za kibiashara sehemu yake inatunzwa mpaka afikishe utu uzima, na mtoto mwenyewe anaweza kuutaka mtandao ufute picha zake. Jimbo la Illinois kule Marekani nalo lina sheria inayofanya kazi tangu Julai 2024, mtoto anayeonekana kwenye video za familia atengewe fungu lake. Huko wameshamhesabu mtoto kama mtu aliyefanya kazi. Huku mama anasema "ni mwanangu", na mjadala unafungwa.

Na si kwamba hatari ni ya kufikirika. Februari 2019 YouTube ilianza kufunga komenti kwenye video nyingi zenye watoto, baada ya kugundulika kwamba watu wazima wenye nia chafu walikuwa wanatumia sehemu hiyo kuelekezana kwenye video za watoto wadogo. Zilikuwa video za kawaida tu, watoto wanacheza, wanaogelea. Hizo hizo ambazo huku zinapostiwa Jumamosi kwenye bwawa la hoteli na maneno "my baby".

Yupo pia mchezaji mmoja wa mpira, naye jina kapuni, ambaye wafuasi wanamtukana kila siku kwa sababu hajawahi kuonyesha sura ya mwanae. Wanamwambia anaficha mtoto kama dhahabu, wengine wanasema mtoto si wake. Lakini ukimkuta mgahawani na familia, mtoto ana simu mkononi kuanzia soda mpaka bili, na baba hana habari. Kwa kipimo cha saa, huyu ni mzazi mzembe na yule wa laivu ni mzazi bora. Kwa kipimo cha nani ataumia akikua, mambo yanageuka. Mtoto wa mgahawani atanyang'anywa simu siku moja, atalia wiki mbili, atazoea. Yule mwingine hakuna wa kumrudishia picha zake, ziko kwenye simu za watu asiowajua, na mama mwenyewe akifuta leo hazitoki huko.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo hapa nchini, na taarifa za watoto inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Ila mtoto hawezi kujitolea ridhaa mwenyewe, anatolewa na mzazi. Na mzazi ndiye aliyesaini dili. Anayeombwa ruhusa na anayelipwa ni mtu mmoja, sasa nani atasema hapana?

Labda mtoto mwenyewe, akiwahi kufika umri wa kusikilizwa. Mtangazaji mmoja wa redio ana binti wa miaka tisa ambaye mwaka huu alimgomea mama yake waziwazi: kabla ya kuposti aonyeshwe picha, akikataa isiende, na akiwa analia au anaumwa kamera ikae mbali. Mama alikasirika siku mbili, halafu akakubali. Posti za binti zimeshuka kutoka kila siku hadi mbili kwa mwezi, na hakuna anayemwambia tena arudie kucheza. Katuni bado anaangalia, tena zaidi ya saa moja, na mama ameacha kumgombeza kwa hilo. Kampuni ya mabegi ya shule ilisubiri wiki tatu, ikaona posti haziji, dili likahamia kwa mtoto wa staa mwingine.