Unga Mweupe wa Darasani



Mwanafunzi mmoja wa sekondari ametuuliza hivi: «Darasani tumetengeneza aspirini kwa mikono yetu wenyewe. Mama yangu huumwa kichwa kila siku ya soko. Kwa nini mwalimu alitukataza kumpelekea?» Swali hili ni la mtoto mwenye huruma, tena mwenye akili, basi tumjibu vema.

Mwaka 1763 Edward Stone, mchungaji wa Kianglikana huko Uingereza, aliwaandikia wataalamu wa London kwamba unga wa gome la mti fulani umeao kando ya mito hupunguza homa. Baadaye wataalamu wakapata asidi ya salisili, dawa kweli, lakini ikachoma kinywa na tumbo la wagonjwa. Mwaka 1897, katika kiwanda cha Bayer nchini Ujerumani, Felix Hoffmann aliibadili ikawa aspirini safi.

Kazi hiyo ndiyo ifanywayo darasani. Hupimwa gramu 2 za asidi ya salisili, hutiwa mililita 5 hivi za anhidridi ya asetiki pamoja na matone machache ya asidi ya salfuriki, na chupa huwekwa katika maji ya moto kwa robo saa. Anhidridi huchoma macho na koo, ndiyo sababu ya miwani na madirisha wazi. Kisha hutiwa maji baridi, na fuwele nyeupe hujitokeza, nazo huchujwa, huoshwa na kukaushwa. Kwa hesabu, gramu 2 zile haziwezi kuzaa zaidi ya gramu 2,6 za aspirini, yaani kama vidonge vitano vya miligramu 500. Wanafunzi hupata pungufu, na hununa bure.

Sasa, mwanangu, chukua punje chache za unga wako, uziyeyushe, utie tone la kloridi ya chuma. Maji yakigeuka rangi ya zambarau, asidi ya kwanza imo bado, ile ile iliyochoma matumbo. Macho hayaoni tofauti, na ulimi usitumwe kupeleleza. Tena hata rangi isipotokea, jaribio hilo halisemi neno juu ya mabaki ya asidi ya salfuriki, wala juu ya uchafu wa chupa iliyotumika jana kwa kazi nyingine. Mwalimu wako alifanya haki. Naye mama aumwaye kichwa kila juma aende kwenye kituo cha afya, apimwe damu na msukumo wake.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni la wazazi. Wengine humpa mtoto mwenye homa kipande cha aspirini, hata ile safi ya dukani. Msifanye hivyo pasipo agizo la mganga. Kwa watoto na vijana wenye mafua makali au tetekuwanga, imeonekana kuhusiana na ugonjwa wa Reye, ambao ni wa nadra lakini huharibu ini na ubongo. Homa ya mtoto ipimwe malaria kwanza.

Na vile vidonge vya zamani vilivyo kabatini? Unyevu huirudisha aspirini kuwa asidi ya salisili na asidi ya siki. Fungueni kopo, mnuse: likitoa harufu ya siki, msimpe mtu.