Zari ya Mkono na Zari ya Mashine

Hapa Litein, msimu wa harusi ukifika, vitambaa vya zari kutoka India hutandazwa madukani, na wanunuzi huuliza bei tu. Mimi nawaomba wavigeuze, watazame mgongo. Mfumaji wa Banaras, kwa mtindo uitwao kadhua, hulitilia kila ua nyuzi zake peke yake. Nyuma hapaning'inii uzi. Sari moja yaweza kumlia miezi. Mwaka 2009 India ilisajili jina la kitambaa hicho kisheria. Hata hivyo, mashine za Surat zaiga maua yaleyale kwa poliesta, na mfumaji akosa mnunuzi. Sivilaumu vya mashine, maana mchuma chai aujua mfuko wake. Namlaumu muuzaji aviitaye vya mkono.